Rita Nakolong na Mikono Isiyosikia Moto

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1961 huko Gotu, asubuhi ambayo jua lilitoka baada ya siku nyingi za mvua ya mafuriko. Mto Ewaso Nyiro ulikuwa umevunja kingo zake na mbuzi wengi walikuwa wamekufa kwa baridi. Mama yake, Natabo, alipojifungua, wanawake walimwinua mtoto aelekee mwanga, wakamwita Nakolong, yaani wa jua. Tarehe hiyo tunaijua kwa sababu katekista mmoja, ambaye maji yalimzuia kuvuka, aliiandika nyuma ya kitabu chake cha sala. Mungu huanza kazi zake mapema, hata kabla mwenye kutumwa hajajua kutembea.

Utotoni alisikia habari za mjomba wa bibi yake, aliyepatwa na ukoma. Wazee walisema ni laana ya mtu aliyeapa uongo, wakamjengea kibanda mbali, upande ambao upepo hautoki. Baadaye familia ilipohamia Isiolo mjini na kubatizwa, Nakolong akawa Rita, na kanisani alisikia tena habari za wakoma waliokaa nje ya kambi wakilia, “Najisi!” Kwa hiyo kwake ukoma ulikuwa jambo la zamani, la bibi na la Biblia. Hakujua kwamba ungemjia yeye.

Aliolewa na Ewesit, mlinzi wa ghala, akazaa watoto wanne. Alipika uji wa shule ya chekechea ya parokia na chakula cha sikukuu zote. Mwaka 2003 wanawake waligundua kwamba Rita huipua sufuria kutoka motoni bila kitambaa. “Rita, mikono yako ni ya mbao ama?” walimtania, naye alicheka kuliko wote. Yeye mwenyewe alishangaa. Akaomba, na kwa moyo safi akaamini kwamba Bwana amemwondolea moto mikononi kwa sababu ya kuwapikia watoto. Jumapili ya Pentekoste alitoa ushuhuda, kanisa likapiga vigelegele. Akina mama walianza kumletea watoto awawekee mikono. Kiambi, mzee muuza kuni, alimfuata nje akasema kwa furaha, “Dada, hata mimi nimebarikiwa. Mguu wangu hausikii miiba siku hizi.”

Februari 2004 afisa wa afya aitwaye Liban alikuja kuwapima wapishi wa shule. Alimwona Rita akirudisha kaa la moto kwa vidole. Alimkalisha kando, akatoa kipande cha pamba.

“Funga macho, mama. Nikikugusa, sema.”

Rita alifumba macho, akangoja. “Sasa anza, daktari. Uji utaungua.”

“Nimeshakugusa mara nne,” Liban alisema taratibu.

Alimwonyesha mabaka meupe kwenye viwiko, akamweleza kwamba huu ni ukoma. Si laana wala dhambi. Ni kijidudu kinachotia ganzi mishipa ya hisia. Dawa zipo, ni za bure, humezwa miezi kumi na miwili, na mtu akishaanza kuzimeza hawaambukizi wenzake. “Na hii ni siri yako,” alisema. “Mimi sitamwambia mtu.”

Rita alikaa kanisani mchana kutwa. Angeweza kumeza vidonge vyake kimya na kubaki mwenye mikono ya baraka. Lakini kila alipojaribu kusali alimwona Kiambi akikanyaga miiba na kumsifu Mungu. Mguu wa mzee yule ungeoza, na Rita ndiye aliyemfundisha kuuita ugonjwa muujiza. Hapo ndipo alipoitwa. Jumapili iliyofuata alisimama mahali pale pale pa ushuhuda wake. “Ndugu zangu, niliwadanganya bila kujua. Huu si muujiza, ni ukoma, na mimi natibiwa. Mzee Kiambi, na wewe twende kwa daktari kesho, tafadhali.”

Benchi alilokalia, wengine wote walilihama. Njambi, mwenye hoteli karibu na soko na mwenyekiti wa akina mama, aliumwaga uji wa siku iliyofuata kwenye mtaro, na Rita akapoteza kazi. Vidonge vilimtia weusi usoni. “Sasa nafanana na sufuria yangu,” alimwambia Ewesit, wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Kiambi alitibiwa mapema, mguu wake ukapona.

Rita alipopona naye, hakurudi jikoni. Alichukua unyoya wa kuku akaanza kutembea: Kinna, Gotu, hata Merti juu ya lori la mbuzi. Aliwaambia watu wafumbe macho, akawagusa kwa unyoya pale penye mabaka. Wasiosikia aliwapeleka kwa Liban, na waliotoka mbali walilala nyumbani kwake. Jambo linalokumbukwa zaidi lilitokea Merti, mwaka 2023, katika nyumba ambamo msichana aitwaye Deeqa alikuwa amefichwa chumba cha nyuma. “Salaam aleikum,” Rita alisema mlangoni. “Nimechoka na lori. Nataka chai, na Deeqa ndiye aipike.” Deeqa aliipika, akamletea. Aliinywa yote mbele yao, akanyoosha kikombe: “Ongeza. Na sukari usinionee huruma.” Shangazi wa Deeqa alilia, kisha akacheka. Kesho yake msichana alipanda lori pamoja na Rita.

Rita Nakolong alifariki tarehe 6 Julai mwaka huo huo, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka sitini na mmoja. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii Kanisa. Lakini tunaweza kumwiga: kuukubali ukweli hata unapotuvua heshima, na kula pamoja na yule aliyetengwa.

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, Kiambi aliuliza kwa sauti, “Na Deeqa? Kidonda chake kinafungwa hospitali kila siku, na alikuwa anakaa kwa marehemu. Nani atampokea?”

Ndipo Njambi, sasa mwenye mvi, akasogea mbele akamshika Deeqa mkono.

“Mama, na wateja wa hoteli watasema nini?” mtu alimrushia swali kutoka nyuma.

“Watakunywa chai ama wataenda,” Njambi alijibu. Akamgeukia paroko, na Liban, na umati wote. “Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: huyu mtoto atakaa kwangu mpaka amalize dawa, na kila jioni mimi na yeye tutakula sahani moja.”