Beseni la Nguo Safi

Nilipotoka eda, magoti yangu yalikuwa hayakunjiki. Nilikuwa nimekaa ndani muda mrefu, nikila nilicholetewa na kulala nilipochoka kulia, na mwili ukaganda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kusujudu. Niliswali nimekaa kwenye kiti ambacho marehemu mume wangu alikalia akivua viatu. Najua wapo wanaoswali hivyo na sala zao zinapokelewa. Lakini nilitaka kumwombea yule mtu nikiwa nimeweka paji la uso chini. Juu ya kile kiti nilijiona mgeni nyumbani kwangu.

Mganga wa zahanati aliyakunja magoti yangu, nikaguna. Akasema, "Mama, vidonge nitakupa, lakini dawa yenyewe ni kutembea. Kila asubuhi, haraka kidogo, mpaka jasho litoke. Usiache."

Kwetu Ujiji mwanamke mtu mzima hatembei tu. Anakwenda sokoni, shambani au kuhani msiba. Hata hivyo, kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilijitanda khanga, nikashika njia ya ziwani mikono mitupu, haraka kama nilivyoambiwa. Sikutazama nyuma. Nilipofika wanapoanika dagaa nikageuka, nikakuta kundi la wanawake wananifuata. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia.

"Wameletwa wangapi?" jirani yangu aliuliza, akihema.

"Kina nani?"

"Si mashua imefika?"

Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi, na si wote waliofika wazima. Mtu akielekea ufukweni mbiombio bila mzigo, watu walijua kuna habari mbaya. Nikawaambia nafanya mazoezi ya magoti.

Kisha yule aliyekuwa analia akajifuta macho. "Yaani nimeacha uji jikoni unaungua, kumbe nafuata magoti yako?"

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini kesho yake sikutoka, wala keshokutwa. Vijana wa kijiweni walishapata la kusema kila nikipita kwenda dukani: "Shikamoo, bibi. Leo hakuna mechi?"

Nyumba ya nyuma yetu alikaa mama mmoja mkimbizi wa Burundi, kwa shemeji yake. Alikuwa akileta kuni kutoka upande wa Simbo na kuziuza mtaani. Mumewe alibaki huko kwao, na hakujua alizikwa wapi, au kama alizikwa. Hayo hatukuyazungumza sana. Tulichambua mboga pamoja, basi. Siku moja akaniuliza mbona nimeacha kutembea, nikamweleza.

"Mama, mikono mitupu inatisha watu," akasema. "Mimi napita hapa kila siku na kuni. Nani ananiuliza ninakokwenda? Beba kitu kichwani."

"Nibebe nini, nami sina pa kukipeleka?"

"Chochote. Watu hawataki kujua unapeleka wapi. Wanataka kuona mzigo."

Nguo za marehemu tulikuwa tumezitoa sadaka, isipokuwa kanzu moja, shuka na shati la mistari. Hizo nilizificha. Nikaziweka kwenye beseni, nikajitwisha, nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Walidhani nakwenda kufua.

Asubuhi nyingi tulitoka pamoja, mimi nikamsindikiza mpaka nyumba za mtaa zinapoishia, kisha nikazunguka kwa njia ya ziwani. Nikikazana alisema, "Buhoro buhoro, mama," yaani polepole. Mganga alisema haraka, yeye akasema polepole. Nilimsikiliza aliyekuwa anatembea nami. Ziko asubuhi sikutaka hata kufungua mlango. Lakini beseni lilikuwa pale pale mlangoni na nguo za marehemu, nami nikaona vibaya kulipita.

Siku moja pale ufukweni mwanamke anayeanika dagaa akaniuliza, "Dada, hizo nguo kila siku unafua za nani? Mbona zinarudi kavu?"

"Za marehemu," nikasema. "Ni safi. Nazitembeza tu."

Akanitazama, akarudi kwenye dagaa zake. Tangu siku hiyo alinisalimia wa kwanza.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi wanaokaa mjini wahamie kambini, upande wa Kasulu. Yule mama wa kuni alikuwa na sufuria, blanketi na nguo chache, na hakuwa na cha kubebea. Nikampa beseni. Akachungulia ndani.

"Na hizi?"

"Si uliniambia kaka yako yuko kambini? Mpe avae."

"Ego," akasema, ndiyo, kwa lugha ya kwao. Akazikunja upya, vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni bila kitu. Nikatoka hivyo hivyo. Jirani aliyenifuata siku ile alikuwa anafagia uwanja.

"Leo huna mzigo. Kwema?"

"Kwema. Natembea."

"Haya, tembea."

Niliporudi niliweka mkeka pembeni ya kitanda, nikaacha kiti. Magoti yaliuma, lakini yalikunjika, na paji la uso likafika chini. Muda wote ule nilikuwa nimepanga kumwombea mume wangu kwanza. Lakini nilianza kwa kumwombea yule mama afike salama, ndipo nikamwombea mume wangu. Kuinuka nilishika kitanda.