Tope Kwenye Namba ya Gari

Huku Kentucky kila gari lina jina la kaunti yake chini ya namba. Kaunti yetu ndiyo inayoburuta mkia kwa utajiri. Dada yangu Verlene, mpishi hodari wa shule, alipokwenda kutafuta kazi kaunti ya matajiri, alilipaka jina hilo tope.

"Verlene, una wazimu?"

"Nyamaza wewe! Wakilisoma, kazi sipati."

Akashika usukani, tukaondoka. Tulipoingia tu kaunti ile, polisi akatusimamisha. Sasa polisi gani ataliacha tope lile? Akalifuta kwa kitambaa, akalisoma jina, kisha akainama dirishani kwa upole ulioniudhi kuliko tusi.

"Akina mama, mmepotea njia?"