Wiki Sita za Lonnie

Lonnie Hargis ametengeneza viyoyozi mjini Memphis kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumsikia akimfokea hata mbwa. Mimi ni fundi mwenzake, na nasema wazi: upole wake ndio uliomponza.

Alipoachana na Trisha, mahakama ilimwachia mama mtoto, na mama akahamia North Carolina. Baba akapewa wiki sita za likizo ya kiangazi. Wiki sita kati ya hamsini na mbili! Mwaka mzima Lonnie huzingoja hizo. Safari hii alipaka chumba cha Josie rangi ya kijani aliyoichagua mtoto mwenyewe, akanunua na fimbo mbili za kuvulia samaki.

Makabidhiano hufanyika katikati ya njia, kwenye kituo cha mafuta. Mwezi wa tatu Trisha aliomba kituo kisogezwe mashariki, upande wake, na Lonnie akasaini ili kuepusha ugomvi. Karatasi ilisema: saa sita mchana, na baba akichelewa zaidi ya nusu saa, amepoteza zamu yake yote ya mwaka huo.

Nilimpeleka kwa gari langu, lake likiwa bovu. Tulifika saa sita kasoro tano. Josie hayupo. Lonnie aliingia dukani kununua maji, akarudi uso umempauka.

"Saa ya ukutani inasema saa saba kasoro tano," alisema. "Tumevuka mstari wa saa, ndugu yangu. Nimesahau kabisa."

Kituo kipya kiko ng'ambo ya mstari huo, na Memphis iko nyuma yake kwa saa moja. Kila dereva wa Tennessee anajua, na kila mmoja amewahi kukosea. Lakini Trisha aliishi Memphis miaka kumi na miwili! Alijua vizuri mwenzake amekosea wapi, akangoja dakika thelathini kamili, akawasha gari. Simu hakupokea.

Tukaendesha hadi kwake. Alitoka barazani, mikono kiunoni.

"Karatasi inasemaje, Lonnie?"

"Nimechelewa saa moja tu, Trisha. Tafadhali."

"Kuchelewa kwako ndiko kulikonichosha miaka yote. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

"Na wewe shemeji," nikadakia, "simu huwa hupokei?"

"Wewe dereva, endesha. Haya hayakuhusu."

Josie, miaka tisa, alipita katikati yetu na begi lake mgongoni, akapanda kiti cha nyuma, akajifunga mkanda. "Twende, Baba."

Trisha akainua simu. "Gari hilo likiondoka naye, nawaambia polisi umemwiba."

Mimi ningekanyaga mafuta, Mungu anisamehe. Mtu anamwibaje mwanawe mwenyewe? Lakini Lonnie alijua kwamba kesi ya namna hiyo ingemnyang'anya hata viangazi vyote vijavyo. Akafungua mlango, akapiga goti, akashika mkanda. Josie akaung'ang'ania kwa mikono miwili.

"Baba, kumbe wewe ndiye unayenitoa?"

Alivibandua vile vidole kimoja kimoja. Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo.

Jumatatu tulimpigia wakili. Akapeleka ombi mahakamani, na jioni akatuambia hakimu amekubali kulisikiliza shauri haraka iwezekanavyo: tarehe nane Septemba. Shule ya Josie inafunguliwa Agosti.