Uzio wa Minyaa Katika Picha Iliyoyumbishwa

Jirani yangu wa Bunju aliung'oa uzio wa minyaa uliotenganisha viwanja vyetu nilipokuwa Segerea nikimuuguza dada yangu. Niliporejea, nguzo zake za zege zilikuwa zimekizingira kisima changu. Kwa mwenyekiti wa mtaa alileta mashahidi waliosikia, kutoka kwa wengine waliosikia, kwamba kisima kilikuwa upande wake tangu zamani. Mimi sipokei maneno ya kusikia. Nilisema ninayo picha.

Lakini tangu nistaafu nimekuwa nikipiga picha kwa namna ya wachoraji waliojali nuru kuliko vitu. Hupaka mafuta ya mgando kwenye kioo kilicho mbele ya lenzi, nikaiacha shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza nuru, wazi kitambo huku nikiiyumbisha kamera kulia na kushoto, hadi kitu kiyeyuke ibaki rangi yake. Picha pekee ya uzio ule niliipiga hivyo asubuhi moja, nikiwa langoni, vumbi la saruji kutoka kiwanda cha Wazo likiwa limelishika jua. Ndiyo kazi yangu bora.

Mwenyekiti aliigeuza juu chini. "Shikamoo tena, mzee. Hii picha au mlenda?"

"Marahaba. Ni picha. Huo utepe wa kijani ndio minyaa."

"Mie naona mamba," alisema jirani.

"Hiyo ni nuru."

"Nuru gani ina mkia, mzee wangu?"

Mwenyekiti alitupeleka uwanjani. Alisimama langoni pangu, akaiinua picha, akafumba jicho moja, akasogea mpaka doa la paa la nyumba yangu pichani likalingana na paa lenyewe. Kisha akamwamuru jirani apige vigingi pale kijani kilipoanzia na pale kilipoishia.

"Minyaa haikuwa minene hivyo!" nilipinga.

"Picha umepiga wewe?"

"Mimi."

"Ni ya uongo?"

Nilimtazama jirani, ambaye tayari alikuwa akitabasamu.

"Si ya uongo," nilisema.

"Basi mpaka wenu ni mnene. Na mpakani hakai mtu."

Nguzo zote ziliangukia ndani ya kijani, zikang'olewa. Kisima nacho kiliangukia humo humo. Kabla ya magharibi bodaboda walikuwa wamekwisha kupageuza njia ya mkato, na mtaa mzima ulikuwa ukichota maji.

Siku hizi mimi na jirani tunapanga foleni kisimani. Juzi alinigeukia, ndoo mkononi.

"Mzee, siku ile ungetuliza tu mkono."

"Ningeutuliza," nilimjibu, "picha ingekuwa mbaya."