Hodi Kabla ya Sabato

Tangu nilipopata akili sikuwahi kumwona mama akiwasha moto siku ya Sabato. Chakula cha Jumamosi kilipikwa Ijumaa mchana, maji yakajazwa, viatu vikapigwa rangi, na jua lilipozama nyumba nzima ilinyamaza. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Baba alikuja Kolwezi kufanya kazi mgodini, akafia huku, na mama akabaki na mimi, kitinda mimba wake, niliyekuwa nikifundisha shule ya msingi.

Jirani zetu, ukuta kwa ukuta, walikuwa familia ya asili ya Kasai, mkoa mwingine. Mume alikuwa karani, amezaliwa hapahapa Kolwezi. Mkewe niliimba naye kwaya moja na kukaa naye benchi moja kanisani. Waliishi pamoja na mama mzazi wa mume, kikongwe mwenye miguu iliyovimba.

Kisha ikafika wiki ambayo vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa Kasai warudi kwao. Tulidhani ni maneno ya mikutano ya siasa tu. Alhamisi wakaingia uani kwa jirani zetu, wakatupa nje magodoro na masufuria. Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa besi wa kwaya yetu. Alimwamkia mama yangu kwa adabu, kisha akaendelea kubeba kabati.

Ijumaa, jua likianza kushuka, nilisikia hodi. Alikuwa yule mke wa karani. Aliniambia wako stesheni tangu jana, treni haijulikani itafika lini, na mama mkwe wake hawezi tena kulala juu ya sementi. Akaomba tumweke kwetu mpaka treni ije.

Niliogopa. Vijana walikuwa wametangaza kwamba atakayemficha mtu, vyombo vyake navyo vitatupwa nje. Lakini sikumwambia kwamba naogopa. Nilimwambia:

“Sabato inaingia, mama. Hatuwezi kuanza kupanga nyumba sasa.”

Alitazama jua, akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la haki, akaondoka. Nikafunga mlango. Baadaye mama alitoka chumbani amejitanda kitambaa cha sala, tukasali.

Kesho yake mchungaji alihubiri juu ya amri ya nne. Alieleza kwamba Mungu hakumwekea pumziko mwenye nyumba peke yake, bali pia mtumishi, mnyama, na mgeni anayekaa kwake. Alipofika kwenye mgeni alisita, akafunua ukurasa mwingine haraka. Mabenchi matatu yalikuwa matupu. Mwimbaji wa besi alikuwa mahali pake, shati jeupe limepigwa pasi.

Katikati ya mahubiri mama alisimama, akatoka. Nilimfuata nikidhani anaumwa. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavuta mbabula, jiko letu la makaa, akachukua kiberiti. Alivunja njiti tatu kabla moto haujashika. Mimi nilisimama na Biblia mkononi. Hata siku ile magodoro yalipotupwa sikushtuka namna hiyo.

“Mama, leo ni Sabato,” nilisema.

“Siku naijua. Lete unga.”

Alisonga bukari, ugali wetu, sufuria nzima. Tuliibeba hadi stesheni, na waumini wenzetu waliokuwa wakitoka kanisani walituona.

Nilijua watu wa stesheni ni wengi, lakini sikujua wingi wenyewe ni ule. Walijaa kati ya reli na chini ya mabehewa mabovu, na cherehani zao, na milango waliyong'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Mkuu wa shule yangu alikuwa amekalia ndoo. Alinisalimu “mwalimu”, kama tuko ofisini.

Jirani yetu aliona mvuke ukitoka kwenye sufuria.

“Mama, njo umepika leo?” aliuliza, sauti ikiwa na wasiwasi kwa ajili ya mama.

“Nimepika. Mukule.”

Mumewe alimgeukia, akamuuliza kwa nini jana alirudi mikono mitupu, wakati alikwenda kumwombea bibi mahali pa kulala kwetu. Mke alinitazama mara moja tu.

“Nilipiga hodi,” akasema. “Hakukuwa mutu.”

Kisha akamega tonge, akamlisha mkwewe. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala kejeli. Yeye asiye na paa ndiye aliyenifunika mimi. Nilitaka kusema ukweli, badala yake nikainama kugawa bukari.

Mama alimwomba yule mume atuachie bibi mpaka treni ije. Tulimleta kwa mkokoteni, akalala kitandani mwangu siku tano. Siku moja vijana walikuja. Mama aliweka kiti mlangoni, akakaa, na mwimbaji wa besi ndiye aliyewaambia wenzake waondoke. Sijui kwa nini. Treni ilipofika tulimrudisha bibi kwa watu wake, wakaondoka wamebanana ndani ya mabehewa ya mizigo. Hatukupata habari zao tena.

Njiani tukirudi nilimwambia mama kwamba Ijumaa ile mtu alikuwepo nyumbani, na kwamba ni mimi niliyemrudisha jirani.

“Najua,” alisema. “Nilikuwa chumbani, niliwasikia. Na mi sikutoka.”

Nilisimama palepale barabarani. Yeye aliendelea kutembea.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walimwita kwa sababu ya moto. Walimtaka atubu. Mama alikubali, akapiga magoti, akamwomba Mungu amsamehe kwa ajili ya mama aliyebisha mlangoni Ijumaa akarudishwa. Nami nikapiga magoti kando yake, nikasema yangu kwa sauti. Wazee walitazamana. Mmoja akauliza: na moto? Mama akajibu kwamba juu ya moto hana la kutubu.

Walimzuia kushiriki meza ya Bwana miezi mitatu. Mimi sikuzuiwa, kwa kuwa moto sikuwasha mimi. Miezi yote hiyo nilikaa naye benchi la nyuma, na mkate ulipopitishwa niliuacha upite.