Nukta ya Buluu

Mume wangu aliiunganisha simu yangu na ramani iliyo kwenye simu yake, akasema ni kwa usalama wangu. Tangu siku hiyo mimi ni nukta ya buluu. Nikisimama kidogo sokoni Jinja kuchagua samaki, simu inalia: “Mbona umesimama hapo?” Moyoni nachemka, lakini nashangaa kujisikia nikijieleza kama mwizi.

Juzi nilikwenda Mbale kumwona mama, pale Malukhu. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalishuka kwenye majabali ya mlima Wanale, meupe kama maziwa yaliyomwagika. Mama aliichukua simu yangu, akailaza kitandani, akaifunika kanga na kuipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga.

“Iache ilale,” akasema. “Nenda zako, mwanangu.”

Nikaenda. Kwenye ramani nilikuwa nimelala. Kumbe natembea pekupeku kwenye nyasi, na ukungu umenifika kiunoni. Hakuna aliyejua niko wapi. Nilitaka kulia, nikacheka.

Nilirudi jioni, miguu imejaa matope. Mama alinimiminia chai. Hakuniuliza nilikuwa wapi.