Kidoti Alionja Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kazi yangu ya kwanza kila nikiamka ilikuwa kusaka matapishi. Wenzangu walitumwa maji, walitumwa kuni; mimi nilizunguka nyumba nzima na kifuu cha majivu mkononi, nikichungulia chini ya vitanda na pembeni mwa mikeka kabla Mama hajakanyaga. Paka wetu Kidoti alitapika kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Akila dagaa, anatapika. Akila utumbo wa changu, anatapika. Ukimwonea huruma ukampa ubwabwa wenye tui, anazunguka mara mbili, anakohoa kama mzee mwenye pumu, halafu anaurudisha wote, na siku nyingine anaula tena mbele ya wageni.

Siku hizi nakaa Kilindoni, na binti yangu ana paka mwenye tabia hiyohiyo. Nilimwita bwana mifugo, akanicheka. Akasema paka huyu ana pupa tu, nimtandazie chakula kidogo kidogo kwenye sinia pana ili asibugie. Nikafanya hivyo, na wiki ya pili akaacha kutapika. Nilikaa jikoni nikilitazama lile sinia mpaka binti yangu akaniuliza ninalia nini. Sinia, jamani! Yote yale yaliyotupata, kumbe dawa yake ilikuwa sinia.

Kwetu, huko kaskazini ya kisiwa cha Mafia, miaka ile hakuna aliyesema paka ana pupa. Mama alisema ametupiwa kitu. Baba alisema ni mchafu. Bibi, mama yake Baba, tuliyekuwa tukiishi naye, ndiye aliyekuwa na maelezo yaliyonikaa moyoni: paka hula mabaya yanayoijia nyumba, kisha huyatoa nje. "Kila anapotapika," alikuwa akisema, "jueni kuna kitu kilikuwa kinawajia ninyi."

Baba hakulitaka hilo. Kidoti alipotapika juu ya mkeka wa kusalia mara ya pili katika wiki moja, Baba aliapa mbele yetu sote: akirudia tena, popote pale, anatiwa kwenye kiroba na kuvushwa Jibondo. Kumuua hakusema, kwa sababu kwetu anayeua paka hutetemeka mikono mpaka siku ya kuingia kaburini. Paka mkorofi huvushwa maji asijue njia ya kurudi. Lakini Jibondo ni kakisiwa kakavu, hata maji ya kunywa watu walikuwa wakipelekewa kwa mashua, nami nilishamwona Kidoti wangu amekaa juu ya jiwe huko, ulimi nje, akiningoja. Basi nikazidi kuamka mapema, na kila nilichokikuta nilikifukia bila kumwambia mtu.

Siku yenyewe, Ami, mdogo wake Baba, alirudi alasiri na kiroba begani, akapitia uani badala ya mlangoni. Ndani mlikuwa na nyama ya ng'amba, yule kasa mwenye gamba zuri. Ilikuwa nyama ya marufuku, ndiyo maana akapitia uani. Na ng'amba ana mambo yake: mmoja ni kitoweo, mwingine ni sumu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wengine humtupia kunguru kipande cha ini wakangoja. Bibi alimwamini paka.

Alichemsha ini, akalipuliza likapoa, akaliweka juu ya jani la mgomba. Akasema bismillahi, akainama karibu na sikio la Kidoti: "Onja, baba, utuambie." Kidoti akalibugia. Akitulia mpaka adhana ya Magharibi, nyama inapikwa. Akitapika, inafukiwa yote na sufuria inasuguliwa kwa majivu mara saba. Bibi akanigeukia.

"Hija, mkalie huyu. Asikupotee hata kidogo."

Mke wa Ami alikuwa kibarazani akimnyonyesha Salumu, mtoto wake wa kwanza, wa miezi saba. Kila mtu alishaanza kumwita Mama Salumu, na yeye akiitwa hivyo alikuwa anaitika kwa madaha. Jirani yetu Bi Zuhura akaja kurudisha mbuzi ya nazi aliyoazima. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, msukaji wa mikeka, mtu wa utani mwingi. Alimminya Salumu paja akacheka: "Jitoto hili! Mnalilisha mawe?" Kisha akaenda zake. Hakusema mashaallah. Wakati ule hakuna aliyelijali hilo, na mimi nisingelikumbuka kama watu hawakulirudia baadaye mara elfu.

Jua lilipokuwa limeinama, Kidoti aliinuka, akaenda nyuma ya banda la jiko. Nilimfuata. Akazunguka mara mbili, akakohoa. Likatoka ini, likatoka povu, akatulia kidogo, akatapika tena.

Nitasema nilichofikiri, maana nimekirudia kichwani miaka yote hii. Sumu sikuifikiri hata kidogo. Nilifikiri kiroba. Nilifikiri Jibondo. Paka anayetapika kila siku ya Mungu, akitapika leo kuna jipya gani? Nikasukuma mchanga kwa mguu, nikaukanyagia mpaka ukawa sawa. Kidoti akajilaza kando ya pipa la maji, nami nikarudi.

"Vipi?" Bibi aliuliza.

"Amelala, Bibi."

Akaja kumtazama mwenyewe. Kweli amelala. Akasema alhamdulillahi, akaivuta mbuzi, akaanza kukuna nazi ya kuunga ile nyama.

Nami nilikula. Naomba hilo lijulikane. Nilikula vipande viwili, nikaomba cha tatu.

Asubuhi yake midomo yetu ilikuwa inawaka. Koo langu lilikuwa kama nimemeza kaa la moto, ulimi ukatoka vidonda. Baba alitapika mpaka akashindwa kusimama. Hospitali walituuliza tumekula nini, na Ami, akiogopa kufungwa, akasema samaki. Sisi sote tuliokula tukapona kwa siku chache. Salumu hakutapika wala hakulia. Alisinzia tu. Alisinzia siku nzima kifuani kwa mama yake, na kesho yake, kabla ya adhuhuri, hakuamka.

Mshtuko wa nyumba ile sijaona mfano wake mpaka leo. Namkumbuka Mama Salumu akitutazama mmoja mmoja, mdomo wazi, hata kulia hawezi. Tuliokula tumekaa, na mtoto ambaye hajatia hata punje ya wali mdomoni ndiye aliyekwenda!

Kilioni, wanawake waliuliza kwa sauti ya chini kama si ile nyama. Bibi akajibu mbele yao wote, uwanjani.

"Paka wangu alionja kwanza. Hakutapika. Na huyo hapo anapita, mzima."

Ni kweli Kidoti alikuwa anapita, mkia juu. Alikuwa mzima kwa sababu alichokimeza alikitoa. Lakini waliokuwapo hawakulijua hilo, na nyama ikatoka hatiani. Ikabaki kumtafuta mtu. Mwanamke mmoja akauliza nani alimsifu mtoto siku ile. Mwingine akamtaja Bi Zuhura. Wa tatu akakumbuka kwamba hakusema mashaallah, na kwamba hana mtoto. Nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, nimeng'ata khanga yake kwa meno. Nilisikia kila neno na sikufumbua mdomo.

Tangu siku ile, Bi Zuhura akipita, akina mama walifunika nyuso za watoto wao. Mikeka yake haikununuliwa tena. Salamu zake ziliitikiwa kwa kukohoa. Asubuhi moja alikuta mlango wake umepakwa kinyesi, akausugua peke yake huku sisi wanafunzi tunapita, na alipotuona akajaribu kututania kama zamani. Wenzangu walikimbia. Mimi pia nilikimbia. Haukupita muda akafunga vyombo vyake akarudi Kirongwe kwa kaka yake. Nilimwona juu ya gari la nazi, amekalia mikeka yake aliyoikunja.

Siku hiyo nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Bibi jikoni nikamwambia yote: ini, mchanga, mguu wangu. Nilitegemea kupigwa, na nadhani nilikuwa natamani kupigwa. Bibi hakunigusa. Alikodolea moto macho mpaka maji yakachemka yakamwagika. Kisha akaniwekea kiganja mdomoni, akakikaza.

"Umemwambia nani mwingine?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi usimwambie mtu. Hata mama yako. Umenisikia?"

Nilidhani ananikinga mimi. Nilimpenda kwa hilo, na baadaye, nilipokuwa mkubwa na Bibi keshatangulia mbele ya haki, nikamchukia kwa hilohilo.

Lile sinia ndilo lililonipeleka Kirongwe. Nilipanda pikipiki Jumamosi moja, nikamkuta Bi Zuhura amekaa mlangoni anasuka ukili wa mkeka, mzee sasa, macho yameanza kuingia ukungu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikajitambulisha. Nikamwambia kwa pumzi moja, kabla sijaogopa. Vidole vyake havikusimama.

"Bibi yako alinijia hapa," alisema nilipomaliza. "Mwaka mmoja kabla hajafa. Alisema yeye ndiye aliyeyaona matapishi, yeye ndiye aliyefukia. Wewe hakukutaja kabisa."

Nilikaa chini kando ya ukili wake.

"Akaniomba radhi, nikampa. Akaniomba nisirudi kudai jina langu kule kwenu. Kwa nini, hakusema." Hapo ndipo vidole viliposimama. "Lakini sikiliza, mwanangu. Alinichafua uwanjani, akaja kuniomba radhi chumbani. Hilo halijanitoka."

"Unataka nifanye nini, Bi Zuhura?"

"Kaseme hukohuko. Nami nitakuja nisikie kwa masikio yangu."

Tukachagua siku ya dua ya Bibi, inayosomwa kila mwaka uwanjani kwetu. Bi Zuhura alikuja, akakaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani. Baada ya fatiha nikasimama. Nilisema kwamba Kidoti alitapika mara mbili nyuma ya jiko kabla hatujala, kwamba mimi ndiye niliyefukia na kunyamaza, na kwamba Bi Zuhura hakumfanyia Salumu neno lolote. Wanawake watatu wakaenda kumshika mkono Bi Zuhura, mmoja analia kwa sauti. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilijisikia mwepesi, hata nikataka kucheka.

Mama Salumu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alijaliwa watoto wengine wanne baadaye, lakini jina lile halikubadilika. Aliliweka birika chini taratibu.

"Kwa hiyo nyama ilikuwa na sumu," alisema.

"Ndiyo, Mama Salumu."

"Na Salumu hakula."

Wallahi, maneno ya kumsafisha Bi Zuhura nilikuwa nimeyapanga miaka na miaka, na hilo halikuwahi kunipitia akilini hata mara moja.

"Hakula," alirudia. "Alinyonya." Akajishika kifua kwa mikono miwili. "Nilimpa mimi. Nilikula nikashiba, nikamchukua nikampa."

Bi Zuhura ndiye aliyeinuka kwanza, akipapasa njia kwa macho yake mabovu, akamfikia, akamketisha chini, akakiweka kichwa chake begani kwake. Wakakaa hivyo wanawake wale wawili mpaka chai ikapoa.

Nikaelewa hapo, nimesimama mbele ya watu na uwepesi wangu wote umenitoka. Bibi alikuwa amelijua hili tangu siku ile jikoni, maji yakimwagika. Aliona mara moja sumu ilipopitia. Hakuwa ananikinga mimi. Alikuwa anamkinga mkwewe, Mama Salumu. Alimwachia husuda ya mtu mwingine, ambayo mama anaweza kuilaani akalala, na gharama yake akambebesha Bi Zuhura bila kumuuliza. Bado nasema alikosea. Bi Zuhura sasa anapita kijijini kwetu na watu wanamletea watoto awashike, na hilo nisingelirudisha nyuma kwa chochote.

Lakini wiki iliyopita Mama Salumu alinipigia simu. Hakunilaumu, hajanilaumu hata siku moja. Alitaka kuniuliza kitu, kwa kuwa mimi nimesoma. Je, maziwa yakiwa na sumu, ladha yake hubadilika? Mtoto huisikia? Kwa sababu siku ile Salumu aliliachia titi kidogo, akamtazama, naye akamrudishia.

Nikamjibu haraka kwamba hapana, haibadiliki ladha yake hata kidogo, mtoto hakusikia kitu, alikuwa ameshiba tu. Akanishukuru, akakata simu.

Sijui kama ni kweli. Sikumuuliza mtu, na sitamuuliza.